Cheti cha Mbege

Baba mkwe wangu alikaa kwetu Eagan, Minnesota, wiki sita bila kunisemesha, na wiki zote hizo tulikula meza moja. Si kwamba alikuwa mtu wa kimya. Alikuwa na mengi ya kuniambia, ila yote yalinifikia kwa kupitia watu wengine. "Mwambie huyo bwana apunguze joto la nyumba," alimwambia mke wangu, na mimi nimekaa hapo hapo, mkono wangu na wake ikigombea chumvi moja. Mke wangu akiwa kazini hospitalini, mzee alimtuma mtoto wetu wa miezi minne. "Mwambie baba yako theluji imeziba mlango." Mtoto alitoa mapovu mdomoni, nami nikaenda kuzoa theluji.

Salamu aliitikia. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo baba," naye akajibu "Marahaba," kwa sababu kumnyima mtu marahaba ni kutangaza vita. Lakini aliitoa akitazama friji.

Kosa langu lilikuwa linajulikana. Mimi na mke wangu tulifunga ndoa mbele ya hakimu, Saint Paul, mchana mmoja wa Februari miaka mitatu nyuma, bibi harusi akiwa na sare za kazini chini ya koti. Tuliambiana mambo ya nyumbani tutayamaliza tukienda nyumbani. Mke wangu ni Mchaga wa Marangu, na kwao binti haondoki hivi hivi. Wazee wa upande wa mwanamume hupeleka mbege, pombe yao ya ndizi na ulezi, watu wakakaa, wakanywa, wakasemezana, ndipo mtu akaitwa mkwe. Mimi, kwa akili zangu nyingi, nilituma pesa ya mbege kwa simu. Mzee aliirudisha siku ile ile na ujumbe mfupi: "Mbege hainywewi kwenye simu."

Sasa mimi ni Mpare. Watani wetu husema Mpare atauza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku, na huwa nakasirika sana nikisikia hivyo kwa sababu ni kweli. Mzee alipokuja kumwona mjukuu, mimi tayari nilikuwa nimeshaifungua kesi moyoni. Nilitaka aniite mkwe. Nilitaka aniite hivyo kabla ya tarehe ya tiketi yake ya kurudi, kwa sababu ana miaka sabini na tisa, na mtu wa umri huo ukimsindikiza kiwanja cha ndege bila kupatana naye, huenda ukabaki na kesi yako milele.

Bahati nzuri kupika pombe ninajua. Hapa watu wengi hupika bia gereji kwao wakati wa baridi, wengine huvua samaki kwenye barafu, na mimi barafu siipendi. Nilishapika bia za kizungu miaka mitatu. Kwa hiyo wiki ya pili nikapika mbege. Ndizi zilizoiva hadi zikawa nyeusi nilizipata dukani kwa bei ya kutupa. Ulezi nilinunua kwa Mhindi, nikauotesha kwenye beseni la kuogea la mtoto, nikaukausha juu ya tundu la sakafuni linalotoa hewa ya moto, nikausaga. Magome ya msesewe, yale ya kutia uchungu, mke wangu alikuwa nayo kwenye kopo la chai tangu alipohama. Ndizi nilizichemsha hadi zikageuka rangi ya udongo mwekundu, nikaziacha siku kadhaa zichachuke, nikazichuja, nikapika uji wa kimea, nikachanganya. Jirani wa ukuta wa pili alikuja kugonga mlango. Watu wa Minnesota hawawezi kukwambia kitu kinanuka. Aliniambia kuna harufu "ya kuvutia", akauliza kama kila mtu ndani yuko salama.

Nikamwekea mzee kikombe mbele yake, kwa mikono miwili, nimeinama. Alikitazama. Kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Mwambie baba yako, mtu hajiposei jikoni kwake mwenyewe. Halafu nani amethibitisha kwamba hiyo ni mbege?"

Nilienda gereji nikapiga teke ndoo. Lakini lile neno "amethibitisha" lilinikaa. Mzee alikuwa mwalimu mkuu miaka mingi. Sebule yake ya Marangu, mke wangu aliniambia, ukuta hauonekani kwa vyeti, na kimojawapo ni cha usafi wa vyoo vya shule. Mtu kama huyo haamini kitu mpaka kiwe na karatasi na sahihi. Basi, nikasema, nitamletea karatasi.

Kulikuwa na mashindano yatakayofanyika Minneapolis, kwenye ukumbi wa kiwanda cha zamani: bia za kupikwa nyumbani, majaji, medali, na kila mshiriki hupewa karatasi ya alama yenye sahihi. Nilijaza fomu. Waliuliza bia yangu ni ya aina gani, na orodha ilikuwa ndefu kuliko ukoo wa Ibrahimu. Kulikuwa na bia ya malenge. Kulikuwa na bia ya moshi. Ya ndizi na ulezi haikuwamo, nikaandika "nyinginezo".

"Ume-register kweli?" mke wangu akauliza. "Wewe! Ukipata alama mbovu je? Unamjua baba, ata-frame hiyo hiyo."

Tatizo lilikuwa chupa. Walitaka zipelekwe wiki mbili kabla, zimefungwa kizibo. Mbege haina wiki mbili. Leo ni mbege, kesho ni mbege kali, keshokutwa ni siki, na ukiifunga inavunja chupa. Nilimwandikia mratibu barua pepe tatu, ya tatu ikiwa na vifungu. Mwishowe akajibu kwamba kwa sababu ya utamaduni ataniruhusu nilete asubuhi yenyewe, ila sharti moja halibadiliki: chupa isiwe na alama yoyote zaidi ya namba, na hakuna jaji atakayejua pombe ni ya nani. Akijua, namba inafutwa. Nilikubali, nikapika mbege nyingine. Nilijiona wakili.

Siku ilipofika mke wangu alikuwa zamu na mtoto alikuwa kwa rafiki yetu, nikajua mzee atabaki na televisheni. Nikamkuta mlangoni amevaa koti la zamani la binti yake, la zambarau, linalomfika magotini, na kofia ya sufu. Hapakuwa na mtu wa kumtuma, akauambia mlango.

"Mtu akipeleka kitu cha kwetu mbele za watu, lazima awepo shahidi."

Alikaa kiti cha nyuma kama abiria wa teksi, na chupa tatu mapajani maana sikuwa na pengine pa kuzisimamisha. Tulipovuka mto, kizibo kimoja kikaruka, kikagonga dari la gari. Povu likamwagikia zambarau. Mzee hakushtuka. Aliziba mdomo wa chupa kwa kidole gumba na kuliambia dirisha, "Pombe inayopumua haifungwi." Alishika hivyo hivyo hadi tukafika.

Ukumbini, washiriki tulikuwa tumetengwa nyuma ya utepe wa njano, kama watu wanaotazama ajali. Mbele yetu zilikuwepo meza za majaji, watatu watatu, na vijana wa kujitolea wakipeleka vikombe vya plastiki. Kila jaji alinusa, akaandika, akamulika kikombe kwa tochi, akaandika, akafumba macho, akaandika. Sijaona watu wakinywa kwa huzuni namna ile. Mzee alisimama kando yangu, mikono nyuma, kama anasimamia mtihani wa taifa.

Namba yangu ilifika meza ya saba. Palikuwa na mwanamke mwenye miwani juu ya paji la uso, mwanamume mwenye ndevu zilizosukwa, na mwembamba mmoja mwenye mafua, ambaye sijui pua yake ilikuwa inahukumu nini. Wakamulika tochi. Mwanga haukupita. Mbege ni nzito, ina chembe za ulezi, ukiitazama inakutazama. Wakatazamana wao kwa wao.

"Ni tofauti," alisema mwenye miwani.

Ukikaa Minnesota muda mrefu unajua "ni tofauti" maana yake ni nini. Maana yake haifai. Niliona karatasi yangu na alama zake, niliiona imetiwa fremu, imening'inizwa Marangu karibu na vyoo.

Wakainua vikombe.

Nilipogeuka kumtazama mzee hakuwepo. Alikuwa amepita chini ya utepe. Niliona zambarau ikikatiza ukumbi, haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea, mkono juu, na sauti ile ya kunyamazisha watoto mia nne kwenye paredi ikatoka kwa Kiingereza safi:

"Msinywe!"

Meza ya saba ikaweka vikombe chini. Meza ya sita nayo ikaweka. Mratibu akaja mbio, akiuliza kama kuna karanga ndani, kama kuna mtu ana mzio.

"Hapana karanga," mzee akasema. "Hawa ni wageni, na hamna aliyewaonjea. Kwetu mgeni hapewi pombe kabla ya mtu wa nyumba iliyopika kuionja mbele yake, ili ajue haina sumu."

Alikusudia kuwatuliza. Lakini kati ya yote aliyosema, ukumbi ulisikia neno moja tu, na lilikuwa sumu. Mwenye ndevu alitema kwenye ndoo kitu ambacho hakuwa amekinywa. Mwenye mafua akajishika koo. Mtu nyuma ya utepe akaanza kupiga simu. Nami nikawa nawaza jinsi nitakavyomweleza mke wangu kwamba baba yake amekamatwa na polisi akiwa amevaa koti lake.

"Bwana," mratibu akasema polepole, "hii pombe imepikwa na nani?"

Nilitaka kupiga kelele asijibu. Sheria ilikuwa wazi. Nilifungua mdomo, na mzee akageuka, akanitafuta kwa macho kati ya watu wote wale, akaninyooshea kidole.

"Yule pale. Ni mkwe wangu. Kwa hiyo pombe hii imetoka nyumbani kwangu, na mimi ndiye wa kuionja."

Akachukua kikombe cha mwenye ndevu. Akanywa chote, bila kupumzika, ulezi na vyote, akafuta masharubu kwa kiganja, akasimama pale ili wamwone kwamba hajafa.

"Sasa kunyweni," akasema.

Nililia. Sina sababu ya kuficha. Nililia nyuma ya utepe wa njano, kati ya wazungu wenye fulana za bia, na nilitaka kumkumbatia mzee yule na kumkaba koo kwa wakati mmoja. Jirani yangu pale kwenye utepe, mtu aliyeleta bia ya malenge, alinipa kitambaa cha karatasi akaniambia mwaka ujao nitafanya vizuri zaidi.

Namba yangu ilifutwa, bila shaka. Mratibu alikuja mwenyewe kuniambia, kwa upole mwingi, akiomba radhi kama yeye ndiye aliyevuka utepe. Na hapo Upare ukanipanda. Machozi hayajakauka, nikatoa fomu mfukoni. Nilimwonyesha kwamba kifungu kinakataza mshiriki kujitambulisha, na mimi sikujitambulisha, nimetambulishwa na baba mkwe, ambaye hakujiandikisha wala hakutia sahihi popote. Nikamuuliza ni sheria ipi inayomfunga baba mkwe. Nilimshikilia robo saa. Wakati huo meza ya saba walikuwa wameshamaliza chupa ya kwanza na wamefungua ya pili, bila kuandika chochote, mwenye mafua akimwuliza mzee ulezi unaoteshwaje, naye akimweleza kwa mikono.

Nilikuwa nimefika kwenye rufaa nikahisi mtu ananivuta mkono wa sweta.

"Mkwe," mzee akasema. "Acha. Kesi ya kuku hiyo. Twende nyumbani."

Nje baridi ilikuwa inakata masikio. Nilimfungulia mlango wa nyuma kama kawaida. Alinitazama kama mtu ambaye kichaa ameoa kwenye ukoo wake, akaufunga, akaja mbele, akakaa kando yangu na kujifunga mkanda. Tuliendesha hadi kwenye daraja. Miaka mitatu nilikuwa nimeandaa maneno ya kujitetea, na sasa hayakuwa na kazi.

"Uliunguza ulezi," akasema.

"Sikuunguza, baba."

"Umeungua. Uliukausha wapi?"

"Juu ya hewa ya moto."

"Ndiyo. Umeungua. Halafu msesewe umeweka mwingi, kama unamtibu mtu malaria."

"Nilipima, baba. Alinielekeza mama mwenyewe kwa simu kutoka Marangu."

"Mama! Mama hajawahi kupika mbege. Dada yake ndiye anayepika, yeye huwa anasimama karibu."

Nikakataa. Akasisitiza. Nikamwambia mbona alimaliza kikombe kizima, akasema angefanya nini mbele za watu, angemwaibisha mkwe wake? Nikamwambia mbona basi majaji wamefungua chupa ya pili, akasema majaji wenyewe mmoja hana pua. Njia ya kuchepukia Eagan ilipita na hakuna kati yetu aliyeiona. Tulikwenda maili nyingi zaidi kuelekea kusini, kwenye mashamba meupe matupu, mimi nikimwambia kwa heshima zote kwamba amekosea, naye akiniambia bila heshima yoyote kwamba sijui kitu.