Muuza Udi wa Sparkhill

Mama muuza udi wa mtaa wa Sparkhill ana vidole virefu, na hushika vijiti vyake vya udi vya Kijapani kama ashikaye kifaranga. Ni vyembamba kama tambi, havina mwanzi ndani. Ni sandali, karafuu na mdalasini vilivyosagwa vikakandwa pamoja. Mteja akiingia, huwasha kimoja, humsogezea, kisha humkazia macho usoni na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Unasikia nini, mwanangu?" Mize, ambaye hupita dukani akitoka kazini, alidhani hayo ni maneno ya biashara tu.

Ijumaa moja cheche ilidondokea kitambaa cha mezani. Harufu ya kuungua ilijaa duka zima, na mama yule, aliyekuwa ameipa meza mgongo, akaendelea kupanga maboksi yake bila wasiwasi.

"Mama, kitambaa kinaungua!" Mize alipiga kelele.

Mama aligeuka, akakizima kwa kiganja, akaketi. "Tangu nilipougua korona sisikii harufu yoyote," alisema. "Nauza kwa kusoma nyuso zenu. Nifichie siri hii."

Mize alichukua kijiti kimoja. Akakiwasha, akavuta pumzi. "Sandali imetangulia, mama. Tamu, kama mbao iliyorandwa sasa hivi. Karafuu inakuja nyuma yake, taratibu, inachoma kidogo."

Mama alifumba macho. Mteja aliingia, akaamkia, akasimama akisubiri.

"Endelea, mwanangu," mama alisema, macho bado kayafumba.