Ng'ombe wa Jukwaani na Ndama Wake

Msichana wa darasa la sita aliyeigiza mchungaji aliposikia kengele ya ng'ombe wake aliyepotea, alipaza sauti: "Ni wangu!" Papo hapo mama mmoja aliyeketi katikati ya watazamaji akasimama, naye akapaza sauti: "Ni wangu!" Watu wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya mchezo. Haikuwa hivyo. Ngozi iliyowafunika watoto wawili waliocheza ng'ombe ilikuwa kweli ya ng'ombe wake, aliyeibwa bomani kwake Endulen miaka miwili kabla.

Tulikuwa walimu Karatu, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mwenzangu, mwalimu wa Kiswahili kutoka Kilimanjaro, alikuwa ameandika riwaya ya watoto kuhusu msichana anayemtafuta ng'ombe wa nyumbani kwao, na riwaya hiyo ilikuwa imepata tuzo Dar es Salaam. Nakala chache zilizotufikia zilisomwa kwa zamu mpaka majalada yakabanduka. Lakini wazazi wengi walikuwa hawajaisoma. Mwalimu mkuu akasema tuigeuze iwe mchezo wa kuigiza. Ukipendeza, utakwenda kwenye mashindano ya mkoa Arusha. Mazungumzo niliyaandika mimi, mzaliwa wa Qurus, hapo hapo Karatu.

Shida ilikuwa ng'ombe. Nyakati zile hata sabuni ilikuwa ya foleni, na kitambaa cha kushona ng'ombe hakikuwepo katika duka lolote. Nikaenda kwa mnunuzi wa ngozi karibu na uwanja wa mnada, naye akatuazima ngozi nyekundu yenye doa jeupe ubavuni. "Nirudishieni bila tundu, mwalimu," akasema.

Tulichagua siku ya mnada ili watu wawe wengi. Wafugaji walishuka kutoka Ngorongoro, wakulima wakaja na watoto mgongoni, na jukwaa letu la mbao lililopangwa juu ya madawati likazungukwa pande zote. Ng'ombe wetu alipoingia, kicheko kilianza.

"Huyo ng'ombe au Land Rover iliyovunjika springi?" mzee mmoja akauliza.

"Miguu ya nyuma inakwenda Mbulu, ya mbele inakwenda Makuyuni!" mwingine akadakia.

Kisha kengele ikalia, msichana akapaza sauti, na yule mama akasimama.

"Mama, tafadhali, huyo ni wa maigizo," nikamwambia.

"Maigizo ni hao watoto. Ngozi ni ya ng'ombe wangu."

Alipanda jukwaani na kuwaonyesha watu kovu la meno ya fisi juu ya paja, palepale alipokuwa amesema lipo kabla hajaifikia ngozi. Hakuna aliyebisha. Mnunuzi wa ngozi, aliyekuwa amesimama nyuma, alisema huletewa ngozi nyingi siku za mnada na hakumbuki hii aliletewa na nani. Akaiachia. Tukabaki bila ng'ombe, na safari ya Arusha ikawa shakani.

Mwenzangu alimkaribisha mama yule chai chumba cha walimu. Sukari haikuwepo, lakini mama hakujali. Alitaka jambo moja tu.

"Aliibwa pamoja na ndama wake, jike, ananyonya bado. Mama yake ndio huyu nimemkunja mkononi. Mtoto yuko wapi?"

Kisha akamgeukia mwenzangu. "Na wewe, binti, nani alikudanganya kwamba ng'ombe aliyeibwa anajulikana kwa kengele? Mwizi huanza na kengele. Ng'ombe unamjua kwa rangi, na yeye anakujua kwa sauti. Mwite."

"Kwetu hatumwiti, mama. Hatoki zizini. Tunamkatia majani tunampelekea."

Mama akaweka kikombe chini. "Huyo si ng'ombe. Huyo ni mgonjwa."

Mwenzangu alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akachukua kalamu na kuikata kengele kwenye mchezo. Kitabu chenye tuzo kilisahihishwa pale pale. Mama akakubali ngozi iende Arusha kwa sharti moja: yeye aende nayo, na mchezo ukiisha yule msichana awatangazie watu habari za ndama.

Aliwafundisha watoto kuita kwa jina la ng'ombe, kwa sauti ndefu itokayo kifuani, na hata kutembea king'ombe. Arusha, msichana alipoita, ng'ombe wetu alisimama, akageuza kichwa polepole, akamwendea. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Waamuzi wenyewe walikuwa wamesimama. Tulitangazwa washindi wa kwanza, na mwenzangu akabebwa juu juu na wanafunzi hadi nje.

Lakini kabla ya hapo msichana alitimiza ahadi. "Ndama jike aliyeibwa miaka miwili iliyopita, mwekundu, mguu wa nyuma wa kushoto mweupe hadi gotini. Aliyemwona aseme."

"Nimemwona huko Sale, anakunywa maji!" mtu akajibu kutoka nyuma.

Watu wakampigia makofi, wakidhani naye ni mwigizaji wetu. Tulipofika mlangoni kumtafuta, hakuwepo tena.

Mama alikwenda Sale, nami nikamsindikiza wakati wa likizo. Tulimkuta kweli mtamba mwekundu mwenye mguu mweupe, kwenye kundi la mzee mmoja aliyesema alizaliwa bomani kwake. Ndama alikuwa hajapigwa chapa alipoibwa, hivyo chapa ya mzee haikuthibitisha lolote. Mama akasimama pembeni na kuita jina la ng'ombe wake, lile ambalo ndama alilisikia mama yake akiitwa kila jioni.

Mtamba akageuka. Na ng'ombe wengine wawili wa mzee wakageuka pia.

Shauri lilipelekwa kwa wazee wa pande zote mbili. Nilipohamishwa kutoka Karatu walikuwa bado hawajaamua.