Mwandiko wa Mzee Namba

Binti wa Mzee Namba hakuwa mtu wa makelele. Kazini walimzoea hivyo: anaingia, anatundika mkoba kwenye msumari nyuma ya mlango, anaziba masikio kwa visikizio, na mpaka jioni husikii kitu ila vidole vyake kwenye kibodi. Ndiyo maana siku aliyopiga meza ya bosi kwa kiganja, chai ikamwagika, ofisi nzima iliacha kazi kumtazama. Ofisi nzima, kusema kweli, ni watu wachache na feni moja inayolia, juu ya duka la vipuri vya magari.

Pale walitengeneza programu ya kuandikia muziki. Mtunzi anaziingiza nota kwenye kompyuta, programu inazipanga juu ya mistari yake, zinachapwa zikiwa safi kama za vitabuni. Binti alitaka kiongezwe kitu kimoja tu: namba.

"Namba za nini?" bosi aliuliza huku akifuta chai. "Wanamuziki wanasoma nota. Asiyejua na akajifunze."

"Bosi, nenda sherehe yoyote Jumamosi hii. Hao wanaokuchezesha wewe na mkeo, ukiwapa nota watafungia maandazi. Wanasoma namba."

Hakuwa anatia chumvi. Bendi ya baba yake, aliyokua akiisikiliza tangu hajui kutembea, haikuwa na msomaji wa nota hata wa dawa. Kodi, zile sauti za gitaa na kinanda zinazopigwa kwa pamoja, si zile za serikali, kila moja walikuwa wameipa namba kwa nafasi yake katika wimbo. Ile ya nyumbani, wimbo unapoanzia na unaporudi kupumzika, ni moja. Nyingine ni nne, nyingine tano, na kadhalika. Ukiandika majina ya kodi, siku mwimbaji ana mafua akaomba wimbo ushushwe, karatasi yako imekufa. Ukiandika namba, karatasi ni ileile. Nyumba imehama, lakini njia ya kutoka na kurudi haikubadilika. Na mwandishi wa karatasi hizo, tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alikuwa baba yake. Jina la Mzee Namba alipewa na bendi, likamkaa hata mtaani.

Zamani alipiga kinanda. Viungo vilipokakamaa, kinanda akapewa mwingine, yeye akabakiwa na kalamu. Kila wimbo mpya aliusikiliza, akauandika kwa namba, akaupeleka mazoezini na kuketi kwenye kiti chake cha plastiki karibu na ngoma. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, marafiki zake wengi nao vivyo hivyo. Kilichobaki ni Jumanne na Alhamisi, siku za mazoezi. Siku nyingine zote alikuwa akizisubiri hizo mbili.

Balaa likaja kwenye mwandiko. Mkono ulianza kutetemeka. Moja yake ikavaa kofia ikawa saba, tano yake ikajikunja ikawa sita. Jioni moja binti alimpelekea mazoezini dawa aliyoisahau nyumbani, akayaona kwa macho yake. Mpiga tarumbeta, ambaye kila mtu anamwita Shavu, alikuwa ameinua karatasi kwenye taa.

"Mzee Namba! Hapa ni tano au umechora mjusi?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mpiga gitaa naye akaja na yake, mpiga ngoma naye, ambaye hata kodi hazimhusu. Walimzunguka mzee wakimsukumia karatasi usoni, naye akawajibu kwa vidole, tano, moja, nne, akicheka pamoja nao. Binti alisimama mlangoni na chupa ya dawa, akahisi ameumbuliwa yeye. Kicheko cha baba yake alikiona ni cha mtu asiye na la kufanya.

"Baba, wanakucheka wale," alimwambia njiani.

"Aa, vijana tu hao, mwanangu."

Hilo nalo akalihesabu kuwa ni uvumilivu. Alimjua kiongozi wa bendi, Kapteni, mtu wa kutazama saa na kupiga makofi ili kazi ianze. Leo wanacheka, kesho Kapteni atatafuta mwenye mkono usiotetemeka, na mzee atabaki nyumbani akihesabu kenchi za paa. Kwa hiyo akapiga meza ya bosi.

Bosi alikubali, ila kwa ubahili wake: ifanywe juu ya kazi nyingine, si badala yake. Binti akamleta baba yake ofisini ili aifanye sawasawa, na siku zile, kwa haki, zilikuwa tamu. Mzee alivaa shati la mikono mirefu, akapewa kiti karibu na feni, akafundisha. Namba mbili zinazogawana kipimo kimoja cha mapigo huchorewa mstari chini yake. Kodi yenye sauti ya huzuni huwekewa kistari pembeni. Namba inayopigwa mara moja na kuachwa ilie mpaka iishe huzungushiwa umbo la almasi. Binti alichora almasi kwenye skrini, mzee akasogeza pua.

"Hii almasi ya maskini. Iongeze, mpiga besi wetu haoni vizuri na miwani hataki."

Alimuuliza baba yake kila kitu, upana wa kistari, umbali wa namba na namba, mpaka nukta. Kuuliza si ujinga, mzee alikuwa akisema, na kila swali lilimnyoosha mgongo. Wenzake binti ofisini wakaanza kumwita baba, na hata bosi alimwagizia chai.

Huyohuyo bosi ndiye aliyenusa soko. "Na asiyejua kuziandika hizo namba? Akiwa na kodi kwa majina yake, zile zilizojaa mtandaoni, akizibandika hapa, programu haiwezi kuzigeuza yenyewe?"

"Inaweza," binti alijibu, haraka na kwa fahari, maana ilikuwa kazi nyepesi na aliipenda. Akaimaliza bila kuinua kichwa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba nguo yenyewe waweza kuishona mwenyewe kwa mapenzi yote.

Programu ilipokuwa tayari, aliiweka kwenye tableti ya Kapteni kwa mkono wake, bure, zawadi ya bendi. Mwanzoni mzee aliandika nyumbani kama kawaida, binti akaingiza, karatasi zikatoka zinasomeka hata na mlevi. Mazoezi yakaanza kwa wakati. Hakuna aliyeinua karatasi kwenye taa. Kapteni alimpigia simu kumshukuru, na binti akalala usingizi wa mtu aliyelipa fadhila za mzazi.

Kisha mzee akaacha kumletea karatasi za kuingiza. Binti alipouliza, aliambiwa nyimbo za msimu huu ni za zamani, hazihitaji kuandikwa. Jumanne na Alhamisi mzee aliendelea kuvaa, kubeba mfuko wake na kutoka. Binti hakuwa na sababu ya kushuku lolote.

Ukweli aliletewa na Shavu, aliyepanda ofisini siku moja kutaka programu kwenye simu yake.

"Mzee haumwi kweli? Tangu Kapteni ampumzishe hatumwoni."

"Ampumzishe?"

Shavu akagundua amemwaga mtama kwenye kuku wengi, lakini maji yakishamwagika hayazoleki. Kapteni alikuwa akizigeuza kodi mwenyewe siku hizi kwa ile programu, akasema, dakika tu. Alimwambia mzee mbele ya wote: umetuhangaikia vya kutosha, sasa pumzika, na Mungu ambariki binti yako. Walimpigia makofi. Kiti chake wamekiwekea spika.

Ilikuwa Alhamisi. Binti alimkuta baba yake kwenye benchi mbele ya posta iliyofungwa, mfuko mapajani, akisubiri saa ya mazoezi kwisha ili arudi nyumbani. Alipoketi ubavuni mwake, mzee hakushtuka. Alisogea kidogo kumpa nafasi.

"Baba, mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba kazi yako ni nzuri kupita kiasi?"

"Nilitaka wasikucheke."

"Nani alikuwa ananicheka?" Mzee alimgeukia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa kali. "Shavu alijua ile ni tano. Wote walijua, wimbo ule tumeupiga miaka, karatasi tu nilikuwa nimeiandika upya. Walikuwa wanakuja kuuliza. Mtu anauliza tano, halafu anauliza mguu wako vipi mzee, halafu ananiambia mwanawe ameota jino. Hizo karatasi zako hazina la kuulizwa."

Binti alikuwa ameuliza upana wa kistari. Hili hakuliuliza, na lilimuuma hivi kwamba alishindwa hata kuomba radhi, kwani radhi ingeombwa kwa kosa gani?

Watu walipita wakirudi makwao. Baadaye mzee akauliza, polepole:

"Hiyo programu haiwezi kuandika vibaya kidogo?"

Binti alicheka, akidhani anataniwa. Baba yake alikuwa akisubiri jibu.

Angeweza. Kazi ya mchana mmoja, kuivisha moja kofia na kuikunja tano. "Inawezekana, baba," alisema. "Lakini hakuna atakayeichagua."

"Najua," mzee alisema. "Na mimi nilitaka kuuliza tu."