Kengele za Mwalimu Hawo

Kok, kok, kok: mti ukigonga mti. Pale Ngaremara mlio huo bado wanaukumbuka, kengele ya ngamia ikitikiswa ndani ya darasa la chekechea, na ngamia hayuko karibu.

Aliyeitikisa ni Mwalimu Hawo, Mborana wa Isiolo mjini, aliyeajiriwa na kaunti kufundisha watoto wa Waturkana. Watoto walifumba macho, naye akatoa kengele moja ndooni, ya ngamia, ya mbuzi au ya ng'ombe, akaitikisa ili wataje mnyama wake. Aliyejibu kabla mlio haujaisha alipoteza zamu. Baada ya miezi miwili walijua kunyamaza, na zaidi ya hapo. Jioni moja Akiru, wa miaka mitano, alimwambia baba yake, Lokol, macho yamefumbwa: "Hao wanaopita ni mbuzi wa kina Ekal."

Lokol hakufurahi. Wiki hiyo mbuzi wa jirani walikuwa wameibwa malishoni. Mborana anatafuta nini kwa kengele zetu, kama si kujua mbuzi wa nani wanapita wapi? Akamtoa Akiru shuleni. Wengine wakamfuata, wakabaki watoto sita. Na afisa wa elimu alishasema: wakiwa chini ya kumi mwisho wa muhula, darasa linafungwa.

Wazazi wakaitisha mkutano.

"Mwalimu, kila jioni unapanda kilima na simu," Lokol akasema. "Unaongea na nani?"

"Na mama yangu, baba Akiru. Network iko huko juu tu."

"Mama, kila siku?"

"Kwani wewe hukuzaliwa?"

Wanawake wakacheka. Lokol hakucheka.

"Fundisha A, B, C. Kusikiliza hata mbuzi anajua."

"Mbuzi wako umemwita mara ngapi leo ndio akakuja?"

Wakacheka tena, lakini hakuna aliyeahidi kumrudisha mtoto. Hawo akainua ndoo ya kengele, akaiweka miguuni pa Lokol.

"Kaa nazo wewe."

Kesho yake Lokol alikuja kupeleleza Hawo atafundisha nini bila kengele. Akajibanza nje, chini ya dirisha, amemshika Akiru mkono. Ndani, watoto sita wamefumba macho. Hawo alirudi nyuma mpaka ukutani, kila neno likitoka kwa sauti ndogo kuliko lililotangulia. Gusa pua. Gusa goti. Gusa sikio.

Lokol hakusikia kitu. Hapo ndipo aliposhuku zaidi. Akageuka kumuuliza Akiru, akamkuta ameshika sikio.

Akabandika sikio lake kwenye bati la ukuta, kando ya dirisha. Hawo aliviona vivuli vya baba na mtoto dirishani, asipandishe sauti.

"Anayenisikia," akasema, "amsogelee mwenzake, Akiru apate pa kukaa."