Mzizi wa Mama Mkubwa

Mama aliugua saratani ya utumbo mwishoni mwa miaka ya hamsini, tulipokuwa tunakaa Kariakoo. Wakati huo tuliiita uvimbe tu. Hospitali walimpasua, kisha wakaanza kumchoma sindano za dawa mpya iliyotoka Ulaya. Kila akichomwa alitapika na kutokwa na vidonda mdomoni.

Dada yake, mama mkubwa, alikuwa akiuza mitishamba sokoni. Alimletea mchaichai na tangawizi za kutuliza kichefuchefu, na mzizi wa kuchemsha. Jina la mzizi hakulisema. Kwao wauza mitishamba, dawa ikitajwa mbele ya watu hupotewa na nguvu.

Mama akaanza kuharisha mpaka akashindwa kusimama. Daktari, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa mjini, akaniuliza anakunywa nini nyumbani. Nikamwambia chai ya mchaichai, tena kuna mzizi, jina silijui. Akasema hatamchoma tena mpaka ajue ni kitu gani. Mama alizitaka zile sindano.

"Nimeshateseka nazo," akaniambia. "Nisiachwe njiani."

Nikaenda sokoni kumweleza mama mkubwa. Alinisikiliza huku akifunga mafungu yake.

"Sitaji," akasema.

Lakini kesho yake alivaa buibui, tukafuatana hospitali. Alifungua pindo la kanga, akauweka mzizi mezani kwa daktari.

"Mimi sikutaja kitu. Una macho, tazama."

Daktari akaunusa. "Mama, umekuja kuninyang'anya wagonjwa?"

"Ningekunyang'anya, baba, saa hizi ungekuwa unauza maandazi."

Daktari akacheka, akauliza kama ni dawa ya kuendesha.

"Ndiyo kazi yake. Uchafu utoke."

"Basi usimpe. Sindano yangu nayo inaendesha. Utumbo mmoja hauwezi kutubeba sisi wawili. Ile chai ya mchaichai anywe tu."

Mama mkubwa akaufunga mzizi wake pindoni, akatoka. Nilidhani amekasirika. Jioni alikuja na birika la mchaichai peke yake. Mama akapata nguvu kidogo, akamalizia sindano zake.

Alifariki mwaka uliofuata. Watu wameniuliza kipi kilimfikisha mwaka huo, sindano au majani. Sijui. Nilichoona ni kwamba siku za sindano hakuna kingine kilichokaa tumboni ila ile chai, na mama mkubwa alimshikia kikombe huku akimkemea: "Kunywa, wewe! Tangu mdogo ulikuwa hivi hivi, mpaka ubembelezwe."