Mchungaji Wetu na Neno ‘Stagger’

Jamani, nimejiaibisha, tena kwa Kiingereza ninachofundisha mwenyewe!

Jumapili usharika wetu hapa Kilolo ulipokea wageni kutoka Ulaya, nami nikapewa kazi ya kutafsiri. Mzee wa kanisa akaeleza jinsi mchungaji anavyotembea milimani kila siku kuwaona wagonjwa. Mwalimu mzima niseme ‘walk’, kama mtoto wa darasa la tatu? Asubuhi ile nilikuwa nimesoma kwenye simu maneno mengine ya kutembea: ‘stroll’, ‘wander’, ‘stagger’. Hili la mwisho waliandika ni kutembea kwa shida. Nikaona ndilo lenyewe, maana milima yetu ni shida tupu.

Nikalitamka kwa mbwembwe. Wageni wakatazamana. Nikadhani hawakusikia, na mimi kwa upumbavu wangu nikarudia kwa sauti zaidi.

Mama mmoja kati ya wageni, kumbe aliwahi kuishi Iringa, akaniinamia na kuuliza kwa Kiswahili safi. Maiki nilikuwa bado nimeishika, inawaka.

“Samahani, mwalimu. Mchungaji anapepesuka kila siku mpaka kwa wagonjwa? Ni pombe ya ulanzi?”

Kanisa zima likamgeukia mchungaji. Mchungaji akanigeukia mimi.