Sekunde Tisa za Mwanamke wa Ngazini

Saa mbili asubuhi, Euphrasie Nabintu anavaa glavu nyeupe, anawasha taa ya meza na kuunusa mkanda wa filamu kabla ya kuugusa. Filamu za zamani zikianza kuoza hunuka soksi chafu.

Hii haina sauti. Ilipigwa hapa London karibu miaka mia iliyopita: wauza maziwa, farasi, makarani wakikimbilia treni. Tena mwanamke aliyepiga magoti, akisugua ngazi za nyumba ya watu. Kwa sekunde tisa aliinua uso na kutazama kamera.

Sekunde hizo karibu zote zimepotea, na aliyezipoteza ni Euphrasie.

Ana miaka 52, mzaliwa wa Bukavu, mkazi wa Croydon. Miaka kumi na mmoja alipiga deki katika jengo hili la kuhifadhia filamu, hadi msimamizi wa mafundi, Marion, alipomfundisha kazi.

Alikimbia vita bila picha hata moja. Mama yake, Nsimire, msafishaji wa shule ya masista, alibaki Bukavu na kufia huko.

"Sura ya mama inanitoroka," anasema. "Yule wa ngazini alifunga kitambaa kichwani kama yeye. Siku ya kwanza nilimwamkia. Wenzangu walicheka, nami nikacheka."

Mwezi Machi filamu ilitolewa kwenye chumba cha baridi ili inakiliwe. Kopo la filamu likitoka huko halifunguliwi siku nzima, mpaka lipate joto la kawaida. Euphrasie ndiye huwafundisha wageni sheria hiyo. Lakini siku hiyo mama yake alikuwa anatimiza miaka ishirini kaburini. Alitamani kuuona uso ule, akalifungua baada ya muda wa saa tatu tu.

Unyevu ulitua, picha zikagandana. Alipozitenganisha, uso wa yule mwanamke ulibanduka. Nakala nyingine hakuna.

Alikwenda mwenyewe kwa Marion na kuweka funguo mezani. Marion alizisukuma kurudi kwake, akamwambia amalizie kazi.

Zimepona picha kumi na mbili, hazifiki sekunde moja. Anazisafisha kwa pamba, moja moja.

Kwenye daftari la hifadhi mwanamke wa ngazini ameandikwa "mfanyakazi wa kike, hajulikani". Hilo ndilo linalomuuma Euphrasie zaidi. Kwa hiyo amemwomba binti yake, Plamedi, aje ampige video akiwa kazini, ihifadhiwe hapahapa. Marion amekubali.

"Nitainua uso," anasema. "Na chini waandike: Euphrasie, binti wa Nsimire."